Kiondo Kilichobaki kwa Wambui

Vijana wangu wa kamati ya huduma, Jumapili ile mliponiaga, mmoja wenu alinishikia kipaza sauti akaniuliza, "Shosho, ni makosa gani ulifanya kwa hii kazi, ndio sisi tusirudie?" Nikawaambia kwamba wakati mmoja niliacha magunia ya mchele kutoka Wang'uru yakanyeshewa nje ya ofisi ya mchungaji. Mkacheka, mkapiga makofi, tukaenda kunywa chai. Mchele ulinyeshewa kweli, lakini huo ulikuwa uzembe wa siku moja. Kosa langu lenyewe lilikuwa wivu, na sikuwahi kulitaja mbele ya watu. Nawaandikia sasa nikiwa nyumbani kwangu hapa Gatitu, ambako hakuna wa kunipigia makofi.

Nilikuwa mhudumu wa jamii wa kanisa letu miaka ishirini na sita. Mtu akilala njaa, mjane akisukumwa atoke shambani, mzee akiachwa peke yake na watoto wako Nairobi, mimi ndiye niliyetumwa kwenda kuona. Aliyenifundisha ni Mzee Kariuki, mzee wa kanisa ambaye siku za wiki alikuwa fundi wa baiskeli. Somo lake la kwanza lilikuwa hili: ukienda nyumba ya mtu mara ya kwanza, nenda mikono mitupu. Ukibeba unga, wewe na mwenye nyumba mtaangalia unga. Usipobeba kitu utaangalia nyumba.

Mimi nilikuwa kijana mwenye haraka. Nilisikia kuna ajuza anashinda njaa huko chini karibu na mto, nikabeba bandali nzima ya unga mgongoni. Mama niliyemkuta akaipokea kwa mikono miwili, akaniombea mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipokuwa nikitoka ndipo nikamwona ajuza mwenyewe nyuma ya nyumba, amekaa juu ya debe akiwamenyea nguruwe wa yule mama viazi vilivyooza. Nilipomsimulia Mzee Kariuki aliweka spana chini ili acheke vizuri. "Kwa hivyo umelisha nguruwe unga ya kanisa," akasema.

Baada ya hapo nilijifunza. Usimuulize mtu "mna shida gani," atakutajia ile anayodhani umekuja nayo. Omba maji ya kunywa, kisha uangalie yametoka wapi na yameletwa kwa kikombe gani. Angalia jivu la jiko kama ni la leo. Ukienda ofisi ya chifu nenda kabla hajanywa chai ya saa nne, maana akishaitwa mkutanoni hutamwona tena. Mambo haya niliyajua kuliko mtu yeyote katika kanisa lile, na nilijua kwamba nayajua. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Mwalimu Nafula alikuja Nyeri kwa uhamisho kutoka Bungoma, akafundisha shule ya msingi hapa karibu. Alikuwa mrefu, na kicheko chake kilikuwa kinamtangulia mlangoni. Jumapili ya pili tu aliomba kuingia kamati ya huduma, na mimi mwenyewe nikamkaribisha kwa sauti tamu. Nilifikiri ni wa kubeba magunia.

Zamani ibada ikiisha, watu wenye mambo yao walinisubiri kando ya tangi la maji, mmoja mmoja, kwa adabu. "Mama Gathoni, niko na neno." Baada ya miezi michache neno lao lilikuwa kwa Mwalimu. Nilibaki pale kando ya tangi peke yangu, nikijifanya nafunga mfereji usiovuja. Alisalimia akina mama kwa Kikuyu chenye lafudhi ya kwao, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi niliyezaliwa hapa nilisalimia kwa Kikuyu safi na hakuna aliyenigeuzia shingo. Siku moja mchungaji alisimama mbele akamtazama yeye, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Kanisa lote likasema amina. Mimi mwenyeji sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba ni mgonjwa.

Nilimhesabia viatu. Nilijua ana jozi tatu. Nilijua anaketi benchi la nne upande wa dirisha, na nilijua nyimbo asizozijua. Vijana, mkimwonea mtu wivu mtamjua kuliko mama yake mzazi, na hayo maarifa hayatawasaidia kitu.

Sasa niwaambie habari za Wambui. Wambui alikuwa mjane kijana mwenye mabinti wawili. Mume wake alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, akamwacha kwenye shamba lililokuwa bado kwa jina la babamkwe, naye babamkwe alishakufa zamani. Mpakani mwa shamba mume alikuwa amepanda mstari wa mikima mwaka aliozaliwa binti wa kwanza. Alimwambia mke wake, hii miti ikikomaa tutaiuza mbao, msichana aende shule ya juu. Kila aliyefika pale alionyeshwa ile miti kabla ya kuonyeshwa kiti.

Nilimtembelea kwanza mikono mitupu, kama nilivyofundishwa. Mara ya pili nilimpelekea kiondo changu kizuri, kile cha katani chenye mistari ya kahawia, kimejaa unga, maharagwe na mchele wa Wang'uru. Nikamwambia, "Kaa na kiondo, nitakuja kukichukua." Niliporudi wiki iliyofuata mlango ulikuwa umefungwa, ingawa moshi ulikuwa ukitoka juu ya jikoni. Nikabisha, nikaita. Nikarudi zangu. Wiki nyingine vivyo hivyo, na safari hii niliona kitambaa cha dirisha kikitikisika. Nikakasirika. Nikaiambia kamati kwamba Wambui anaringa, hataki watu wa kanisa, jina lake litolewe kwenye orodha tusaidie wengine.

Mwalimu Nafula akasema tu, "Wacha mimi nijaribu."

Jumamosi hiyo nilimwona akipanda mlima kutoka kwa Wambui. Mkononi alikuwa na kiondo changu, na kilikuwa kimejaa managu mpaka majani yananing'inia nje.

"Mama Gathoni, hii ni yako," akaniambia. "Wambui amekutumia. Anasema asante."

"Alikufungulia mlango?"

"Alikuwa anaona haya. Alikuwa hana kitu ya kuweka ndani ya kiondo yako, na hawezi kukupea ikiwa tupu. Kwa hivyo akawa anajificha. Mimi nimemwambia, mama, hii mboga imejiotea kwa fence yako ni tamu sana, si nichume? Tukachuma pamoja. Hata kwetu chombo ya mtu hairudi bure."

Vijana, nilisimama pale nikahisi masikio yanawaka. Mama yangu alinilea na desturi hiyo. Kiondo cha jirani hakirudi kitupu kwa jirani, hata ukiweka viazi vitatu. Kila mtoto wa mlima huu anaijua. Na mimi, mtaalamu wa jivu na vikombe, nilikuwa nimemwachia mjane maskini kiondo kikubwa, kisha nikaenda kusimama mlangoni kwake kila wiki kukidai. Aliyeliona jambo hilo ni mtu wa Bungoma. Nilichukua kiondo bila kusema asante. Managu niliyapika kwa hasira, yakawa matamu, nikakasirika zaidi.

Tangu hapo Wambui akawa wa Mwalimu. Alimwambia siri yake: shemeji yake, ndugu wa marehemu, alikuwa anatafuta barua ya chifu ya kutaja warithi wa lile shamba, na alitaka aandikwe yeye peke yake. Alikuwa anasema Wambui hakuolewa, alikuwa anakaa tu. Kama barua hiyo ingetoka hivyo, Wambui na wasichana wangekuwa wageni kwenye nyumba yao. Mwalimu akahangaika mpaka akampata mzee aliyeongoza watu kupeleka ruracio, yaani mahari, kwa kina Wambui. Jina lake Mzee Njogu, na siku hizo alikuwa akiuza nyanya soko la Kagio. Mzee akakubali kuja kwa chifu Jumanne, siku iliyopangwa.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumanne, Wambui alikuja kwangu akihema. Chifu alikuwa amebadilisha siku. Simu ya Mwalimu ilikuwa imezimwa, naye alikuwa amekwenda semina ya walimu.

"Mama Gathoni, tafadhali, kesho ukimwona Mwalimu kanisani, mwambie ni Monday, si Tuesday. Amwambie mzee wa Kagio. Mimi kesho siwezi kuja, mtoto ako na homa."

"Nitamwambia," nikasema. Na nilikusudia kumwambia. Hilo mniamini.

Jumapili nilikaa benchi la tano, yeye la nne. Ningenyoosha mkono ningemgusa bega. Mchungaji akatangaza kwamba Mwalimu Nafula anasimama na mjane mmoja wa Gatitu katika kudai haki yake, tumwombee. Kanisa likageuka kumtazama. Mimi niliyesimama na wajane kabla yeye hajajua njia ya kuja Nyeri, hakuna aliyenitazama. Ibada ilipoisha walimzunguka kama kawaida. Nikangoja kando ya tangi. Nilisema moyoni, akija kunisalimia nitamwambia. Hakuja, maana walikuwa wengi. Nikavaa sweta yangu nikaenda nyumbani.

Njiani nilijipa sababu. Nilijiambia kwamba kwa chifu ninajulikana, nitakwenda mwenyewe nimalize jambo, halafu Jumapili ijayo tuone mchungaji atataja jina la nani. Nilikuwa na jioni nzima ya kupiga simu. Nilifua, nikapika, nikalisha kuku.

Jumatatu nilimpitia Wambui mapema. "Mwalimu atatupata huko?" akaniuliza.

"Atatupata," nikasema.

Shemeji alikuja na mashahidi watatu waliovaa makoti. Kila mmoja alisema hajawahi kusikia ruracio ya Wambui. Chifu akatugeukia. Nikasimama, nikaongea vizuri sana juu ya mayatima na wajane, na jinsi Mungu anavyowatazama. Chifu akanivumilia, kisha akasema, "Mama Gathoni, mimi nakuheshimu. Lakini hapa si mahubiri. Nataka kujua kitu moja tu. Nani alipeleka mbuzi kwa kina huyu mama?"

"Kuna mzee mmoja, ako Kagio," nikasema.

"Anaitwa nani? Namba yake ya simu?"

Sikuwa na namba. Hata jina nilikuwa sijui, kwa sababu siku Mwalimu alipolieleza kwenye kamati nilikuwa natazama dirishani kwa makusudi. Wambui akamtaja kwa jina, lakini chifu alitaka mtu, na mtu hakuwepo. Wambui alikuwa anatazama mlango. Kila kiatu kilichopita nje, aligeuka. Saa nne ilipokaribia barua ikaandikwa, na shemeji akaondoka nayo.

Nilikwenda moja kwa moja hadi shuleni. Nilimkuta Mwalimu wakati wa mapumziko akisahihisha vitabu, vidole vimejaa chaki. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama.

"Wambui alikuambia lini?"

"Jumamosi."

"Na jana tulikuwa kanisa moja. Ulikuwa nyuma yangu. Nilikusikia ukiimba."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini, Mama Gathoni?"

"Wivu, Mwalimu. Ni wivu tu."

Akanitazama kama mtoto aliyeleta jibu ambalo halimo katika swali. "Wivu ya nini? Mimi hata choo tunagawana na majirani wanne." Akafunga vitabu. "Siwezi kukukasirikia saa hii, sina hiyo nafasi. Naomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, twende Kagio."

Mzee Njogu tulimkuta katikati ya kreti za nyanya. "Mbuzi nilipeleka mimi," akasema. "Moja ilinikanyaga hapa, alama ndiyo hii." Akatuonyesha mguu. "Lakini mliniambia Tuesday."

"Ni mimi nilikosa, mzee," nikasema.

Kesho yake tulikuwa mlangoni kwa chifu kabla hajafungua. Alimsikiliza mzee, akakuna kichwa. Akasema barua imeshatoka, imeshapelekwa, yeye hawezi kuirudisha, twende kortini tupinge huko. Tukaenda kortini Nyeri. Jambo ambalo lingekwisha kwa nusu saa, mzee mmoja na mguu wake, likachukua karibu miaka mitatu. Mwezi wa pili tu shemeji alileta watu na msumeno wa petroli. Nilikuwepo. Mikima yote ya mpakani ililala chini kabla ya saa saba, ikapakiwa kwenye lori, na binti mkubwa wa Wambui alisimama pale na sare yake ya shule mpaka lori likapotea. Baadaye korti ilimpa Wambui haki yake, nyumba na sehemu yake ya shamba. Miti korti haikuweza kuirudisha. Msichana alifika kidato cha nne akakomea hapo, na sasa anashona nguo mjini.

Mwalimu aliniambia kitu kimoja tu kuhusu jambo lile. "Wambui hataambiwa na mimi. Hiyo ni yako kusema." Sikusema. Miaka mitatu nilikaa na Wambui benchi moja la korti, tukigawana mandazi, na sikusema. Ndiyo maana huwa nawasumbua, mnanicheka: ujumbe wa mtu ufikishe siku hiyohiyo, kabla hujavua viatu. Usiulize anayepelekewa ni nani na anapendwa na nani.

Nafula aliporudishwa kwao Bungoma nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nilimkosa. Na bado, nawakumbusha tu, yeye mlimchinjia mbuzi. Mimi mlininywesha chai na mandazi.

Jumapili hiyo ya chai, mlipotawanyika, Wambui alikuwa ananisubiri kando ya tangi. Alikuwa na kiondo chake mwenyewe, kipya, kimejaa nduma. Sijui ni nini kilinishika. Labda ni lile swali lenu na jibu langu la uongo. Nikamwambia. Kwamba ujumbe wake haukufika kwa sababu niliukalia, na kwa nini niliukalia.

"Nilijua," akasema.

"Mwalimu alikuambia?"

"Hapana. Nilijua siku ileile kwa chifu. Mimi nilikuwa naangalia mlango. Wewe hukuangalia hata mara moja. Mtu akingojea mwenzake huangalia mlango."

Nikakitazama kile kiondo. "Sasa kwa nini unaniletea nduma?"

"Maharagwe ulileta watoto wakiwa na njaa. Hiyo pia sijasahau." Akakiweka kiondo miguuni pangu. "Kaa nacho tu," akasema, na akaenda zake.

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Nduma zilikwisha. Kiondo kilining'inia ukutani kwangu, na nilijua desturi, hakirudi kitupu. Nikawaza niweke nini. Unga? Sukari? Kila nilichokishika nilikirudisha kwenye rafu. Wambui amepita kunijulia hali mara mbili, na mara zote mbili, Mungu anisamehe, nilisimama nyuma ya mlango wangu na moshi unatoka jikoni, sikufungua. Kitambaa cha dirisha nadhani kilitikisika.

Nyuma ya nyumba nina pakiti za maziwa zenye udongo. Niliotesha mbegu za mikima, nyingi zikafa, kumi na moja zimesimama, zimefika urefu wa kiganja. Juzi nilisikia kwamba Mwalimu naye amemtumia Wambui miche kutoka Bungoma kupitia mtu wa basi, yake ni minane na imefika magotini. Roho iliniuma, siwafichi. Hata sasa inaniuma.

Lakini yangu ni kumi na moja, na kesho inakwenda. Mkinikuta njiani nikishuka kwa Wambui na kiondo kizito, nisalimieni tu mpite. Msinipokee.